Uzinduzi Rasmi wa Mto Sirwet

Ilitangazwa rasmi Jumatatu asubuhi, bendera ikiwa imepanda na wanafunzi wakiwa wamesimama wima, kwamba Shule ya Sekondari ya Sirwet itaufanyia Mto Sirwet utafiti wa nyanjani, kwamba maandalizi yote yamekamilika, na kwamba mto wenyewe umeshaarifiwa. Sentensi hiyo ya mwisho iliandikwa na Mwalimu Thuo, mkuu wa idara ya Jiografia, na alipoisoma kwa kipaza sauti hakuona chochote cha ajabu ndani yake. Barua ya kuuarifu mto ilikuwa imebandikwa kwenye mgunga pale kingoni, na muhuri wake, na nakala iko kwenye faili.

Mto huo uko nyuma ya shule. Kutoka jikoni ni mwendo wa dakika saba, au sita kama mtu anateremka kwa haraka. Maandalizi ya kuufikia yalichukua mihula mitatu.

Msomaji asimdhanie Thuo mjinga. Alikuwa amefundisha miaka kumi na tisa, na katika miaka hiyo yote mtihani wa taifa haukuchoka kuuliza kuhusu darasa lililokwenda kuchunguza mto. Kila mwaka wanafunzi wa Sirwet walijibu swali hilo kwa ufasaha wa kutisha, ingawa hakuna darasa lililowahi kwenda. Thuo alikuwa na daftari la jalada la manjano lenye kila kitu: sababu tano za kufanya ziara ya awali, vifaa sita vya kubeba, shida nne mlizokumbana nazo na jinsi mlivyozitatua. Wanafunzi walikariri shida za safari wasiyoifanya, wakapata alama za juu, na Thuo akapewa cheti na saa ya ukutani.

Aliyeharibu utaratibu huu mzuri ni msichana, wakati huo wa kidato cha tatu, aitwaye Jepleting, ambaye kwao ni ng'ambo ya mto na huuvuka kila siku akija shule. Siku moja, katikati ya imla, aliinua mkono.

"Mwalimu, hiyo siku mlienda, maji ilikuwa inafika wapi?"

"Siku gani?"

"Hiyo ya kwa notes. Mmesema mlipata shida nne."

Thuo akatazama dirishani, akatazama chaki.

"Hizo ni shida za jumla, Jepleting."

"Na yako wewe mwenyewe ilikuwa gani?"

Thuo akasema kengele imelia. Kengele haikuwa imelia.

Jioni hiyo chai haikumshuka. Aliona haya, haya ya kweli, ile inayomfanya mtu akune kichwa akiwa peke yake jikoni. Akaapa kwamba darasa hili, kabla ya mtihani, litafika mtoni na kupima maji kwa mikono yao, na yeye akiwepo. Hilo tu ndilo alilotaka. Miaka kumi na tisa, mto mmoja.

Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa utaratibu, akaunda kamati.

Kamati ilifanya kazi kwa bidii ambayo hadi leo inatajwa kwa heshima. Kanuni ya utafiti inasema ziara itanguliwe na ziara ya awali. Kamati ikagundua kwamba ziara ya awali nayo ni ziara, kwa hivyo nayo inahitaji kutanguliwa na ya kwake. Walipofika ya tatu, mwalimu mkuu, Madam Rahab, aliuliza ni nani aliyebaki darasani, na suala hilo likaahirishwa. Ikaundwa kamati ndogo ya nadharia tete na nyingine ya kofia. Hojaji nayo ikaandaliwa, maana hakuna utafiti bila hojaji, na kwa kuwa waliopaswa kuhojiwa hawakuwa wametajwa popote, ikaelekezwa kwa mto wenyewe. Swali la saba liliuliza: "Je, unaridhika na kasi yako? Ndiyo, Hapana, Sina hakika." Swali hilo lilitungwa na Thuo, na alilisoma mara mbili kwa sauti kwa sababu alilipenda.

Ndipo ikaombwa ruhusa. Barua ikaenda Nakuru mjini, katika Ofisi ya Uratibu wa Masomo ya Nje ya Darasa, ambako Mkurugenzi Dalmas alikuwa na kiti kinachozunguka na mihuri ya rangi tatu. Jibu lilifika baada ya wiki saba. Ofisi haikuwa na pingamizi na utafiti wa mto, mradi masharti yazingatiwe. Kwanza, kwa ajili ya usalama, wanafunzi wasikaribie maji. Kwa sababu hiyo, pili, siku hiyo mto usiwe na maji. Tatu, utafiti usianze kabla ya kuzinduliwa na Mkurugenzi mwenyewe kwa kukata utepe, la sivyo utahesabiwa kuwa matembezi, na matembezi yalikuwa yamepigwa marufuku.

Thuo aliisoma barua hiyo mara tatu na, kwa aibu yake, akaiona ina busara. Ulikuwa mwezi wa tatu. Mto ulikuwa mkavu, mchanga mweupe mtupu, na sharti la pili lilikuwa limetimia lenyewe bila kamati.

"Sasa tutapima nini?" Jepleting aliuliza mkutanoni. Alikuwa amechaguliwa mwakilishi wa wanafunzi, na kiongozi wa makundi yote, kwa sababu hakuna mwingine aliyetaka kukaa kwenye mikutano ile.

"Tutapima mto."

"Na haupo?"

"Upo," alisema Thuo. "Ni maji tu ambayo hayapo."

Likaja suala la tenti. Ofisi ya Mkurugenzi ilituma orodha ya mahitaji: mahali tambarare, pasipo mawe wala miiba, penye nafasi ya magari matatu, na karibu na barabara. Kamati ilizunguka eneo zima kwa siku mbili, ikapanda na kushuka, ikachanika suruali, na ikapata mahali pamoja tu panapofaa. Palikuwa pazuri, papana, pameshasafishwa. Palikuwa katikati ya mto.

Jepleting akainua mkono tena.

"Mwalimu, hapo ni njia ya maji."

"Maji gani?"

"Ile ya Mau. Ikinyesha huko juu inateremka, hata kama hapa kwetu ni jua. Ng'ombe yetu ilibebwa hapo hapo."

Hapa lazima tukiri, na Thuo mwenyewe anakiri, kwamba jambo hilo alikuwa amelifundisha. Liko ukurasa wa kumi na nne wa daftari la manjano, limepigwa mstari, na Jepleting alikuwa amepata alama zote kwa kulieleza. Lakini la daftarini lilikuwa la mtihani, na hili lilikuwa la tenti.

"Ni maoni mazuri sana," Thuo akamwambia. "Yaandike, yapitie kwa mwalimu wa darasa, tutayaweka kwenye ajenda."

Mkutano uliofuata ulikuwa umepangwa kufanyika baada ya uzinduzi.

Ijumaa ya uzinduzi, mwezi wa nne, wageni waliombwa wawe wameketi saa nne. Tenti tatu zilisimama mchangani, viti vya plastiki vimevishwa vitambaa vyeupe, na utepe mwekundu umefungwa kati ya vijiti viwili kuvuka mahali ambapo, kwa mujibu wa ramani, mto ulikuwa. Wanafunzi hawakutengewa viti. Walisimamishwa juu ya ukingo, kwenye kivuli cha migunga, katika sehemu iliyoitwa eneo la umma, na vifaa vyao: kamba yenye fundo kila baada ya mita moja, utepe wa kupimia, fimbo yenye alama, na simu ya Madam Rahab ya kuhesabia sekunde. Machungwa kumi ya kurushwa majini ili kupimia kasi hayakuonekana.

Mkurugenzi alifika saa saba na robo. Magari matatu yakateremka hadi mchangani, vumbi likatua juu ya kwaya. Mwalimu Kibii, ambaye hufundisha michezo na siku hiyo alikuwa mfawidhi wa sherehe, akawatambulisha waliokuwepo, kisha waliotuma udhuru, kisha waliokuwa njiani. Kila aliyetajwa alisimama, akapunga mkono, akakaa, na anayemfuata akasimama kushukuru kwa ajili yake.

Thuo aliyaona machungwa. Yalikuwa kwenye bakuli mbele ya Mkurugenzi, na la tatu lilikuwa linamenywa. Akamsogelea akiwa ameinama.

"Samahani, Bwana Mkurugenzi. Hayo ni ya kupima kasi ya maji."

"Maji gani, mwalimu?" Mkurugenzi akauliza, akacheka mpaka kipande kikamtoka mdomoni.

Thuo naye akacheka. Hilo ndilo linalomuuma mpaka leo.

Hotuba ilianza saa nane unusu. Mkurugenzi alizungumzia umuhimu wa mito, kisha umuhimu wa ofisi yake katika umuhimu wa mito. Jua lilikuwa linawaka pale mchangani, lakini upande wa Mau mbingu ilikuwa imekuwa nyeusi kama tako la sufuria. Jepleting akateremka kutoka eneo la umma, jambo ambalo halikuruhusiwa, akamvuta Thuo mkono wa koti.

"Mwalimu, please. Toa hawa watu hapa."

Thuo akatazama ratiba. Walikuwa kipengele cha kumi na moja. Utepe ulikuwa cha kumi na nne. Akimkatiza Mkurugenzi sasa, kibali kimekwenda, na darasa hili nalo litaingia kwenye mtihani na shida nne za kukariri. Alitaka kumwambia msichana angoje vipengele vitatu tu. Kisha akamtazama usoni. Jepleting hakuwa anabishana. Alikuwa anaogopa.

"Una uhakika?"

"Wewe skiza tu."

Akasikiliza. Ilisikika sauti kama ya lori linalopanda kuelekea Rongai, ila barabara ya Rongai iko upande mwingine.

Akaenda kwa Kibii mbio, akamnong'oneza. Kibii akashika karatasi yake kwa nguvu.

"Boss, hiyo haiko kwa program."

Hapo ukafika ulimi wa kwanza wa maji, mwembamba, umebeba povu na majani makavu, ukapita chini ya meza kuu kwa adabu kabisa. Kibii akachukua kipaza sauti.

"Tungeomba mwenye anaosha gari hapo juu afunge maji. Tuko na mgeni."

Thuo akamnyang'anya. Sauti iliyomtoka haikuwa ya mkuu wa idara. Ilikuwa ile anayotumia bweni likiwaka moto.

"Kila mtu juu! Sasa hivi! Acheni viti!"

Heshima ya watu ilionekana kwa jinsi walivyokimbia. Kwaya ilitangulia. Mchungaji aliyealikwa kuomba alipita juu ya mawe kama kijana wa miaka kumi na minane. Madam Rahab alipanda ukingo akiwa na viatu mkononi, madereva wakamfuata, na Kibii akapanda akiwa bado ameshika karatasi yake. Aliyebaki chini ni mmoja.

"Sijamaliza!" alisema Mkurugenzi Dalmas. "Na hakuna mtu kuondoka kabla nikate utepe!"

Maji yalikuja kahawia, yakifika magotini, kisha kiunoni, na tenti ya pili ikakunja miguu. Mkurugenzi aliweka mkasi mfukoni, akapanda boneti ya gari la ofisi, kisha paa. Kutoka huko akamnyooshea Thuo kidole.

"Mwalimu! Hii study nimeifuta! Umeskia? Imefutwa!"

Kisha gari likasogea kidogo, naye akaanza kupiga kelele za kawaida, zisizo na cheo.

Walimrushia ile kamba yenye mafundo. Ilichukua mara nne. Akajifunga kiunoni, na Thuo, Kibii, madereva na nusu ya kidato cha nne wakavuta, huku Jepleting akihesabu mafundo yaliyokuwa yakipita mikononi mwao. Mkurugenzi alipotua ukingoni, akiwa hana kiatu kimoja, Jepleting alikuwa ameshaandika: mita kumi na nne hadi katikati.

Akamgeukia Thuo.

"Mwalimu, tupime?"

"Imefutwa," alisema Thuo.

"Lakini si iko hapa."

Thuo akautazama. Mto ulikuwa umejaa kutoka ukingo hadi ukingo, una kelele, unanuka udongo na majani ya Mau. Kila kitu alichowahi kuwaandikisha watoto wa watu kilikuwa kinapita mbele yake, na hakuna hata sentensi moja ya daftari la manjano iliyofanana nacho. Aliogopa kwa ajili ya kazi yake. Alifurahi zaidi.

"Rudini nyuma hatua kumi kutoka ukingoni," akasema. "Kisha pimeni."

Machungwa yalikuwa yameliwa, lakini viti vya wageni mashuhuri vilikuwa vimeanza kuwasili kutoka tenti ya juu, kimoja kimoja, na vitambaa vyao.

"Kiti cha kwanza!" mmoja akaita kutoka mgunga wa juu.

"Kimefika!" mwingine akajibu kutoka mgunga wa chini. Mita thelathini, sekunde kumi na mbili. Kiti cha pili, sekunde kumi na moja. Walipima viti tisa, wakatafuta wastani, wakapinga wastani wao, wakapima tena kwa meza. Mkurugenzi alikuwa amekaa chini, amefunikwa leso ya kujitanda ya mpishi, na mara mbili aliombwa ainuke kidogo kwa sababu alikuwa amekalia utepe wa kupimia. Hojaji haikukumbukwa na mtu yeyote.

Jua lilipoanza kushuka Thuo alimwendea Jepleting.

"Nilikosea. Uliniambia, nikakwambia uandike."

"Ni sawa, Mwalimu."

"Si sawa."

Jepleting akafikiri kidogo. "Eeh," akasema. "Si sawa."

Jumatano ilifika barua ikimtaka Thuo aeleze, katika siku saba, kwa nini mto uliruhusiwa kuendelea kabla ya kuzinduliwa. Nakala ilipelekwa kwa mto. Thuo hakulala vizuri siku nne. Alijua barua za namna hiyo zinavyoishia: unahamishwa, shule unayopelekwa ina idara ya mtu mmoja, na vipimo vya darasa vinatupwa pamoja na utafiti uliofutwa.

Siku ya tano, Jumatatu, pikipiki ya boda iliingia langoni. Nyuma yake, bila tai, alikuwa Mkurugenzi Dalmas. Alikuwa ametoka nayo ofisini kwake Milimani hadi Sirwet, maana gari la ofisi lilipatikana kilomita mbili chini, limejaa mchanga hadi kwenye usukani. Akamvuta Thuo nyuma ya maktaba.

"Thuo, boss wangu. Nairobi wameniandikia. Wanauliza gari ya serikali ilikuwa inafanya nini katikati ya mto, siku ya kazi."

"Ulikuwa unazindua."

"Nizindue nini? Utepe sikukata, na study niliifuta mimi mwenyewe, watu wakiskia." Akajipangusa shingo. "Huko makao makuu wanasema mwenye anaruhusiwa kuwa ndani ya mto ni mtu wa fieldwork peke yake. Niweke kwa group."

"Group gani?"

"Yoyote. Ya kasi ya maji, hiyo naielewa. Mimi naifutua study yenu, nairudisha leo leo, na ile barua yako naichana. Niweke tu."

Thuo angeweza kusema ndiyo papo hapo, na miezi michache iliyopita angesema, tena kwa barua mbili. Sasa alijikuta akimwambia mkubwa wake kwamba makundi si yake, ni ya wanafunzi, na kiongozi wao yuko darasani.

Jepleting alimsikiliza Mkurugenzi hadi mwisho, kalamu sikioni.

"Ni sawa, sir. Lakini kwa group yetu kila mtu huandika ripoti yake. Ni Ijumaa."

Ripoti ya Mkurugenzi ilikuja Alhamisi, kurasa nane, imepigwa chapa na kutiwa mihuri ya rangi zote tatu. Ilisema kwamba mnamo tarehe tajwa afisa husika alishuhudia ongezeko lisilotarajiwa la kimiminika katika eneo la shughuli, na kwamba ofisi inaendelea kulifuatilia suala hilo kwa karibu. Ilirudi Milimani jioni hiyo kwa boda, na neno moja la wino mwekundu wa Jepleting juu yake: Rudia.

Thuo alikuwa ameliona neno hilo kabla boda haijaondoka. Alifikiri kazi yake imekwisha, safari hii kwa rangi nyekundu. Hata hivyo hakulifuta.

Ripoti ya pili ilifika Jumatatu iliyofuata, kwa mkono, kwenye karatasi iliyochanwa daftarini. Haikuwa na muhuri. Ilisema hivi: "Nilikuwa juu ya gari. Maji yalikuwa baridi na yalikuwa yanavuta. Nilifikiri mto ni mahali, kumbe unatembea. Nilipiga kelele nyingi. Msichana mmoja alikuwa amesema, na hatukumsikiliza."

Thuo aliisoma mara tatu. Yeye mwenyewe hakuwa bado ameandika yake, na sasa aliogopa kuianza.

Jepleting aliipa tisa kwa kumi. Alama moja aliikata kwa ajili ya kelele, akaandika pembeni kwamba "nyingi" si kipimo. Thuo alimtumia Mkurugenzi picha ya karatasi hiyo, na wino haujakauka simu yake ikaita.

"Mwalimu," ikasema sauti ya Mkurugenzi, bila salamu. "Mwambie zilikuwa sekunde arobaini."